Jiwe la Mtoni Halifai

Julai, Pasua. Baridi imeshuka mlimani bila hodi,
nami napima ua kwa upindo wa kanga iliyochanika:
hatua nne kutoka ukutani, tano kutoka kamba ya nguo,
mbali na bomba, mbali na mparachichi
ambao mama Ndeshi wa jirani anaudai nusu
kwa kuwa nusu ya matunda huangukia kwake.

Nikachimba.
Futi moja, udongo mweusi na minyoo yake.
Futi moja na nusu: betri ya redio,
kijiko kilichopinda, kandambili ya mtoto
wa mpangaji aliyekaa hapa kabla yetu.
Aikande akaivaa, mguu mmoja,
akalizunguka shimo akichechemea.
"Mama, tunamzika nani?"
Nikasema hatumziki mtu, tunaizika baridi.
Hakuridhika.
Hata mimi.

Mawe niliyaokota Mto Karanga,
laini, ya mviringo, yanapendeza kuyashika.
Fundi Elinami, aliyekuja kudai hela yake ya choo,
akayatazama, akakohoa.
"Jiwe la mtoni limekunywa maji tangu enzi za babu.
Ukilipa moto, litayatema.
Litapasuka, dada, likutoe jicho.
Tafuta jiwe la mlima, lile lenye matundu.
Lile lilishaungua zamani, haliogopi kitu."
Akanikumbusha deni, elfu kumi na tano,
halafu akavua koti, akanisaidia kupanga, bure.

Mawe kumi na saba, niliyahesabu.
Jikoni kwa mama, Kibosho, mafiga yalikuwa matatu
na yaliutosha ukoo mzima,
kabla kaka hajauza nusu ya kihamba,
kabla sijamwambia neno lile, mbele ya watu, siku ya msiba.
Mwaka wa tatu sasa
salamu zetu hubebwa na watoto.

Moto wa kwanza ulinishinda.
Moshi! Mji mzima ukakumbuka jina lake
ukaniingia machoni.
Shuka za mama Ndeshi zikanuka kama nyama ya kubanika
na maneno yakaruka ukuta, mengine hayaandikiki.
Aikande akachuchumaa, shavu karibu na majivu.
"Halina pua," akasema.
Kweli. Nilikuwa nimejenga kitu kisichopumua.
Nikang'oa jiwe moja upande unakotoka upepo.
Kumi na sita, na pengo.

Jumamosi, geti likagongwa.
Pikapu ya kukodi, nyuma imejaa visiki vya kahawa,
mizizi ingali na udongo wa kwetu.
Kaka hakushuka mara moja.
Alizima injini, akaiwasha, akaizima tena.
"Nimesikia umechimba shimo."
"Nani kakwambia?"
"Moshi."
(Uongo. Ni Aikande na simu yangu.)

Mibuni ile baba aliipogoa kwa mkono wake,
ikatulipia ada, daftari, viatu vya Bata,
kisha bei ikaanguka nayo ikazeeka imesimama.
Kisiki cha kahawa hakiwaki kwa pupa.
Hukaa kwanza, kama mtu anayetafuta pa kuanzia,
halafu kikishika, kimeshika,
alfajiri utakikuta.
Hatukuombana radhi. Alisema tu,
"Sogeza hicho, kibichi."
Nikakisogeza.
Mama Ndeshi akaingia na maparachichi manne,
"haya ya nusu yangu," akasema,
akatega kigoda upande usio na moshi,
na upepo, kwa hila zake, ukageuka.

Jiwe moja la Karanga sikulirudisha.
Liko kando kidogo, mahali joto hufika limechoka.
Fundi anasema likikauka taratibu,
mwaka, miwili, huenda likafaa.
Huenda.
Kila asubuhi kabla ya shule
Aikande huliwekea kiganja.
"Bado," husema,
akachukua begi, akaondoka.